Sura ya Saba: Saa ya Viraka

Saa iliyonifunza kusoma saa ilitoka Lafey. Ilikuwa Seiko 5 ya chuma, kioo kimejaa mikwaruzo, mkanda wa kitambaa umefuliwa hadi umepoteza rangi, na uso wa buluu iliyokoza kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa mzee mfugaji. Alinikabidhi kwa maneno machache: "Hiyo ni orijino, kijana wangu. Isafishe tu." Sikubisha. Nilivuta kitufe cha pembeni ili nirekebishe majira, na mshale wa sekunde ukasimama palepale.

Kusimama huko ndiko kulikoniamsha. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umechongwa namba 7S26, na mashine ya 7S26, ambayo Seiko waliitoa mwaka 1996, haina tabia hiyo. Ukivuta kitufe chake, mshale wa sekunde huendelea na safari kana kwamba hakuna aliyeugusa. Wala haitiwi ufunguo kwa vidole. Springi yake hujazwa na mtikisiko wa mkono wa mvaaji. Nilirudisha kitufe ndani, nikakizungusha taratibu, nikasikia springi ikijaa. Mfuniko ulikuwa unasema jina moja na mashine jingine.

Nilipoifungua nilikuta NH36, mashine ambayo kampuni hiyohiyo ya Seiko huwauzia watengenezaji wengine wa saa. Ina vito 24, ilhali 7S26 ina 21. Uso ulikuwa wa Seiko kweli, ila ulikuwa umepakwa rangi upya. Mshale wa dakika ulikuwa mfupi, haufiki kwenye vistari vya dakika. Vilivyobaki vya tangu mwanzo ni bodi, mfuniko, kioo, na vile visahani viwili vinavyoonyesha siku na tarehe dirishani. Siku imeandikwa Kiarabu na Kiingereza, kama ilivyo kwa saa nyingi zilizoletwa kwa soko la Ghuba.

Mzee hakuwa mwongo. Aliinunua saa kama ilivyo na kuisadiki kama alivyoambiwa. Kati ya kiwanda cha Japani na mkono wake, mikono mingine ilipita, kila mmoja ukaacha kiraka, na hakuna hata mmoja uliosema.

Mahali panapokula saa

Lafey ni mojawapo ya majimbo sita ya Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki kabisa mwa Kenya, jirani na mpaka wa Somalia. Kutoka Nairobi hadi mji wa Mandera ni kama kilomita 1,000 kwa barabara. Kule saa ya mkono bado ina kazi. Simu huisha chaji, na minara ya mawasiliano katika kaunti hiyo imewahi kubomolewa mara kadhaa na wapiganaji. Saa ya otomatiki haiombi umeme wala mtandao. Mtu akitembea nyuma ya ngamia wake, ameijaza.

Sababu kubwa zaidi ni swala, na hapa pana hesabu ambayo watu wa mjini huisahau. Majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa longitudo ya 45 mashariki. Nairobi iko karibu na 37, Lafey iko kwenye 41 na ushei. Kwa kila digrii moja jua hutofautiana kwa dakika 4. Kwa hiyo jua la Lafey hupita utosini kiasi cha dakika 17 kabla ya jua la Nairobi, na adhuhuri huingia mapema kwa kiasi hichohicho. Ratiba ya swala iliyochapishwa Nairobi, ikibandikwa ukutani Lafey bila kurekebishwa, itakuwa imechelewa.

Sasa linganisha na saa yenyewe. Seiko wanaikubali 7S26 ikiwahi kwa sekunde 40 au ikichelewa kwa sekunde 20 kwa siku, katika joto la kati ya digrii 5 na 35, na joto la Mandera huvuka 35 mara kwa mara. Saa inayowahi sekunde 40 kila siku, ikiachwa siku 25 bila kurekebishwa, imekosea kwa karibu dakika 17. Yaani kosa la mashine ndani ya mwezi mmoja laweza kulingana na umbali wa jua kutoka Lafey hadi Nairobi. Hii ndiyo sababu mvaaji wa kule hupeleka saa kwa fundi mapema kuliko mtu wa ofisini, ambaye majira huyapata kwenye simu.

Swala hiyohiyo inayoihitaji saa ndiyo inayoichosha. Wakati wa udhu maji lazima yafike kwenye ngozi, kwa hiyo saa huvuliwa au husogezwa juu ya mkono, kisha hurudishwa juu ya ngozi mbichi. Mara tano kwa siku ni mara 1,825 kwa mwaka. Mkanda hukatika. Jasho na maji hukaa chini ya mfuniko. Mpira mwembamba wa kuzuia maji hukauka kwa joto na kupasuka, na ukishapasuka, vumbi la Mandera, laini kama unga, hupata njia.

Ndipo sehemu zinapoanza kuondoka kwa zamu. Kwanza mkanda, halafu mpira, kioo, kitufe. Unyevu ukiingia, uso hupata madoa na mishale hushika kutu. Mwishowe mashine yenyewe. Bodi na mfuniko, kwa kuwa ni chuma kitupu, hubaki. Saa iliyoishi miaka 20 katika mazingira hayo na bado inatembea, karibu hakika imeshabadilishwa kitu. Ukiikuta safi kila mahali, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.

Spea hutoka wapi

Miaka ya mwanzo ya 1990, nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge, mtaani Islii, Nairobi, iligeuka kuwa soko. Wafanyabiashara Wasomali walipanga bidhaa ndani ya vyumba walivyokodi na kuuzia hapohapo. Chumba cha kulala kikawa duka, na nyumba ikawa ya kwanza katika msururu wa majengo ya biashara yaliyoufanya Islii kuwa Islii. Bidhaa nyingi zilitoka Dubai, na kutoka pale zikasambaa hadi kaskazini: nguo, redio, na saa. Seiko yenye siku za Kiarabu iliyo mkononi mwa mfugaji haishangazi mtu anayeijua njia hiyo.

Kituo kingine kiko ng'ambo ya bahari, Mumbai. India ina vizazi vya mafundi waliozoea kufufua saa kwa mikono. Serikali yake ilianzisha kiwanda cha saa cha HMT kule Bangalore mwaka 1961 kwa msaada wa kampuni ya Citizen ya Japani, na saa hizo zikavaliwa nchi nzima hadi biashara hiyo ilipofungwa mwaka 2016. Mafundi waliobaki na mashine nzima, bodi zilizochakaa na nyuso zenye madoa hawakuzitupa. Walizisugua nyuso, wakazipaka rangi upya, wakazipiga chapa tena, wakaunganisha kilichopo na kilichopo. Leo Seiko 5 za rangi ya chungwa, kijani cha majani na zambarau, zenye mashine ya zamani ya 7009, huuzwa kutoka huko kwa dunia nzima. Nyingi zinatembea vizuri. Karibu zote zimepakwa.

Wajuzi wa mambo haya hutenganisha aina tatu. Saa feki ina jina la kampuni ambayo haikutengeneza chochote ndani yake. Saa iliyokarabatiwa imewekewa spea inayostahili, mahali pa ileile iliyokufa. Saa ya viraka iko katikati: sehemu zake zaweza kuwa halali moja moja, lakini hazikuzaliwa pamoja. Ya kwanza ni wizi. Ya pili ni matunzo. Ya tatu hutegemea kama aliyeishona amesema.

Kuisoma saa

Anza na mfuniko. Seiko huandika makundi mawili ya namba yaliyotenganishwa na kistari. Kundi la kwanza ni mashine, la pili ni bodi. Mfuniko ulioandikwa 7S26-0020 ni wa saa ya mzamiaji inayojulikana sokoni kwa jina SKX007. Kama una mfuniko huo juu ya bodi nyembamba isiyo na pete ya kuzungusha, mfuniko umehama nyumba.

Karibu na hapo utaona namba ya toleo. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9; Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Namba inayoanza 4N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 4. Muongo hausemwi, unatafutwa kwa mashine: 7S26 haikuwapo kabla ya 1996, kwa hiyo 4N ya 7S26 haiwezi kuwa 1994. Ni 2004 au 2014.

Sasa geuza saa utazame uso, chini kabisa, ukingoni, penye namba 6. Hapo kiwandani huchapwa herufi na namba ndogo mno, zinazohitaji lenzi ya jichoni, zikirudia namba ya mashine na kuongeza namba ya uso. Aliyepaka rangi mara nyingi huziacha, kwa kuwa ni vigumu kuziiga kwa mkono, au huandika zisizolingana na mfuniko. Saa ya mzee haikuwa nazo kabisa. Buluu ilikuwa imefika ukingoni.

Tazama maandishi mengine. Chapa ya kiwandani ina kingo kali hata chini ya lenzi. Chapa ya kurudiwa huvimba kidogo, kama wino uliomwagwa kwenye karatasi ya magazeti. Tazama vistari vya dakika kama vinafika mahali pamoja vyote. Tazama rangi inayowaka gizani: ikiwa mishale inawaka na uso hauwaki, au mmoja ni wa manjano ya uzee na mwingine ni mweupe wa jana, hazikuanza maisha pamoja. Mishale, au akrabu kama wasemavyo wazee wa Pwani, ndiyo hubadilishwa kwa haraka zaidi, na ndiyo hutoa siri kwa haraka zaidi. Wa dakika ufike kwenye vistari vya dakika. Wa saa uishie kwenye alama za saa. Ukipungua au kupita, umetoka kwingine.

Usisahau kitufe. Seiko walipotoa jina la 5 mwaka 1963, waliahidi mambo matano: mashine ya otomatiki, siku na tarehe katika dirisha moja, kuhimili maji, kitufe kilichojificha penye namba 4, na bodi na mkanda imara. Penye namba 4, pale ambapo mshale ukifika sisi husema saa kumi. Kitufe kikubwa kilichochomoza nje ya bodi kwenye saa ya aina hiyo ni mgeni.

Mwisho, uchunguzi usiohitaji bisibisi: vuta kitufe, kisha kizungushe. Sekunde zikisimama na springi ikijaa, mashine si 7S26, mfuniko useme utakavyo.

Kuiunda

Ukishajua kuisoma, utaona kuiunda si uchawi. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kujenga saa ya mtindo wa kale kwa bodi ya zamani na mashine mpya, na saa hiyo ikamhudumia mwenyewe miaka mingi.

Kanuni ya kwanza ni kuchagua mashine kabla ya kitu kingine, maana ndiyo inayoamua matundu yote. Mishale ya jamii ya NH35 na NH36 ina matundu ya milimita 1.5 kwa mshale wa saa, 0.9 kwa wa dakika na 0.2 kwa wa sekunde. Mshale wenye tundu la 0.25 utakaa siku mbili, siku ya tatu utakuwa umelala juu ya uso.

Kanuni ya pili ni vijiguu vya uso. Nyuma ya uso kuna vijiti viwili vya shaba vinavyoingia katika mashine. Mahali pake hutegemea kitufe kiko wapi: penye namba 3, penye namba 4, au katikati ya hizo. Uso wa kitufe cha 3 ukiwekwa kwenye bodi ya kitufe cha 4, maandishi yatapinda. Wengine huvikata vijiguu na kubandika uso kwa gundi ya pande mbili. Inashika, lakini fundi atakayefungua baada yako atakulaani.

Kanuni ya tatu inahusu visahani vya siku na tarehe. Hivi huchapwa ili namba zisimame wima dirishani kulingana na mahali pa kitufe. Aliyeweka NH36 katika saa ya mzee alijua hilo, akavitoa visahani vya mashine iliyokufa na kuviweka katika mpya. Namba zilisimama wima. Kazi ile ilikuwa ya fundi hodari, na kwa sababu hiyo ukimya wake uliniudhi zaidi.

Mahali pa kazi ni nusu ya kazi. Katika nchi ya vumbi, funga mlango na madirisha, zima feni, futa meza kwa kitambaa kibichi, kisha kaa dakika kadhaa vumbi litue. Unahitaji kibano, bisibisi ndogo, lenzi ya jichoni na kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji. Kabla ya kuweka mishale, zungusha kitufe hadi tarehe iruke. Wakati huo ni saa sita ya usiku. Hapo ndipo unapoweka mishale ya saa na dakika, yote miwili ikielekea 12. Ukiweka ovyo, tarehe itabadilika mchana watu wakila.

Weka mpira mpya wa kuzuia maji, uupake mafuta ya silikoni kidogo, funga. Kisha vaa saa hiyo wiki nzima kabla ya kumpa mtu, ukiilinganisha kila alfajiri na simu na kuandika tofauti. Na mfundishe mvaaji asibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati meno ya mashine yanapokuwa tayari yameshikana kuibadilisha. Mashine nyingi huvunjika meno kwa haraka hiyo.

Kiraka kiwe juu

Kwa saa ya shilingi elfu chache, mtu anaweza kusema viraka havidhuru. Tazama basi kinachotokea pesa zikipanda. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki mwaka 2020, alikuwa akiwatunukia watu saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, baadhi zikiwa zimepitia duka la Asprey la London. Jambia hilo dogo hupandisha bei ya saa mara kadhaa mnadani. Matokeo yake ni kwamba kuna watu wanaochukua Rolex ya kawaida na kuipaka jambia. Bodi halali, mashine halali, uso umeongopa, na bei nzima imekalia uso. Maskati, ambako Kiswahili kinasikika hadi leo katika nyumba za waliotoka Zanzibar, na Lafey, ambako mzee anatafuta adhuhuri, tatizo ni lilelile: kiraka kilichofichwa.

Kila mfanyabiashara Mwislamu amesikia kisa cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone. Hakulaumiwa kwa mvua. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Aliulizwa kuhusu mahali alipouweka unyevu.

Nilimrudishia mzee saa yake ikiwa na mpira mpya na mshale wa dakika unaofika. Uso wa buluu niliuacha, aliupenda. Nikamweleza yote, kipande kwa kipande. Alisikiliza, akauliza kama inatembea sawa. Nikamwambia inawahi sekunde nane kwa siku. "Basi niandikie," akasema, "mwanangu akija kuiuza asimdanganye mtu."

Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: bodi, mfuniko, kioo na visahani ni vya kiwandani, mashine ni NH36, uso umepakwa, mshale wa dakika na mpira ni vipya. Tarehe. Akaikunja akaiweka pamoja na kitambulisho.

Nawe ukiunda saa, au ukibadilisha hata mshale mmoja, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukinunua, iombe karatasi hiyo kabla ya kuuliza bei; na kama haipo, leta lenzi, vuta kitufe, na uandike ya kwako.